Nani Anastahili Pesa za Mayatima?

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi tangu nianze kufundisha katika kaunti hii ya Kwale halihusu masomo. Linahusu fedha ambazo serikali ya Kenya huzipa nyumba zinazolea watoto waliofiwa, ambazo huku kwetu huitwa kwa ufupi "pesa za mayatima", na wanaoniuliza ni akina nyanya, shangazi na mama wadogo ambao hubaki mlangoni baada ya mkutano wa wazazi kwisha, wakisubiri wenzao waondoke ndipo waseme: "Mwalimu, na mimi je, naweza kuandikwa?" Kwa miaka mingi nilijibu kwa kukisia, mpaka nilipoona kwamba jibu langu la kukisia lilimfanya mtu mmoja akae nyumbani siku ambayo majina yalikuwa yakiandikwa. Tangu hapo nimejitahidi kulijua jambo hili sawasawa, na leo naliandika kwa urefu kwa sababu ni wengi wanaolihitaji.

Naanza na nyumba moja ninayoijua, ambayo mwenyewe ameniruhusu nieleze habari zake bila kumtaja jina. Ni ya nyanya mmoja jirani yangu, anayelea wajukuu watano. Watatu ni wa mwanawe wa kiume, aliyefariki akiwa nyumbani na kuzikwa siku hiyohiyo kabla ya magharibi, kama ilivyo ada yetu. Mama yao ameolewa kwingine na haji ila kwa nadra. Wawili ni wa binti yake, ambaye alikwenda Saudia kufanya kazi za ndani na ambaye kwa muda mrefu sasa hapigi simu wala hatumi chochote. Jioni watoto wote watano hula katika sinia moja, na mtu akiwaona wakinyoosha mikono hawezi kujua nani ana baba na nani hana. Mpango wa serikali, hata hivyo, unajua, na tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Mpango wenyewe ulianza mwaka 2004 kwa majaribio ya nyumba 500 tu katika Kwale, Garissa na Nairobi, wakati UKIMWI ulipokuwa umeacha nyumba nyingi nchini mikononi mwa wazee waliokwisha kuzika watoto wao. Kwale, basi, ni miongoni mwa sehemu tatu za mwanzo kabisa, na baadhi ya watoto waliolelewa kwa fedha zile za kwanza leo ni watu wazima wenye watoto wao. Baadaye mpango ulienea nchi nzima na sasa uko chini ya mwavuli wa Inua Jamii, pamoja na fedha za wazee waliofikisha miaka 70, fedha za watu wenye ulemavu mkubwa, na zile za kupambana na njaa katika kaunti kame za kaskazini. Msingi wake uko ndani ya Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii na kuitaka serikali iwasaidie wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea, na katika kifungu cha 53 inampa kila mtoto haki ya lishe, makazi na matibabu. Nataja Katiba makusudi, kwa sababu nimewasikia wazee wakizungumza juu ya fedha hizi kana kwamba ni sadaka ya chifu.

Masharti ya kustahili yanaelezeka kwa maneno machache, ingawa kila neno lina uzito wake. Nyumba inatakiwa iwe maskini kupindukia, iwe na angalau mtoto mmoja wa chini ya miaka 18 ambaye ni yatima au yuko katika mazingira magumu, na isiwe tayari inapokea ruzuku nyingine ya fedha ya namna hiyo. Yatima, kwa hesabu ya mpango, ni mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Mtoto aliye katika mazingira magumu ni yule ambaye mzazi au mlezi wake anaugua maradhi ya muda mrefu yasiyomwezesha kumtunza, au yule anayeishi katika nyumba inayoongozwa na mtoto mwenzake. Mlezi hahitaji kuwa mzazi wa damu. Nyanya, babu, mjomba, shangazi, hata dada mkubwa anatosha, mradi yeye ndiye anayewalea watoto hao kweli na anaishi nao.

Neno la kwanza linalotutatiza huku ni lenyewe yatima. Madrasani tulifundishwa kwamba yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, na maana hiyo imekaa ndani ya watu kuliko maana yoyote ya maofisa. Namjua baba mmoja, mvuvi, aliyefiwa na mkewe akimwacha na watoto wanne wadogo. Majina yalipoandikwa hakwenda, na nilipomuuliza alinijibu kwa utulivu kabisa: "Wanangu si mayatima, mwalimu, mimi ningali hai." Kwa mafundisho aliyolelewa nayo alikuwa amesema kweli, na hakutaka kula haki ya yatima, jambo ambalo Kurani imelionya kwa ukali. Lakini kwa masharti ya mpango watoto wake walihesabika mayatima, kwa kuwa mama yao amekufa, na umaskini wake haukuhitaji kuthibitishwa na mtu. Kinyume chake pia hutokea: kijana wa miaka 16 aliyefiwa na baba huonekana na watu wa nyumbani kuwa amekwisha kupita umri wa uyatima, hali mpango unamhesabu mtoto mpaka afikishe miaka 18. Laiti maofisa wanaokuja kuandikisha wangelieleza neno hili moja msikitini baada ya sala ya Ijumaa, pamoja na barazani kwa chifu, wangewapata watu wengi ambao hivi sasa wanajitoa wenyewe kwa uchaji Mungu.

Neno la pili ni kaya. Katika fomu na matangazo ya redio huambiwa kwamba ruzuku ni ya "kaya maskini", na msikilizaji wa Nairobi huelewa kwamba wanaokusudiwa ni watu wanaoishi na kula pamoja. Kwa Wadigo na Waduruma kaya ni mji mzima, ni boma la ukoo lenye nyumba kadhaa, na pia ni ule msitu mtakatifu wa wazee. Kwa hiyo mwandikishaji anapouliza "katika kaya hii mko wangapi?" nyanya mwaminifu humtajia watu ishirini, wakiwemo wanawe wenye kazi na wake zao walioko nyumba ya pili, na umaskini wa chumba chake unafunikwa na bati la nyumba ya mwanawe wa kwanza. Siku hizi nawashauri wazee wajibu juu ya wale wanaolala chini ya paa lao na kula katika chungu chao, kwa sababu hilo ndilo linaloulizwa.

Nirudi kwa jirani yangu. Kwa wajukuu wale watatu nyumba yake inastahili, tena bila shaka yoyote. Kwa wale wawili wa Saudia, lau wangekuwa peke yao, isingestahili, kwa sababu mama yao anahesabiwa kuwa hai na mwenye kazi, na baba yao, ambaye hajaonekana kwa miaka, naye anahesabiwa kuwa hai. Mpango huu unauliza kama mzazi amekufa au anaugua maradhi ya muda mrefu. Hauulizi kama mzazi huyo analeta unga. Pwani nzima kuna watoto wa namna hii, walioachwa kwa nyanya zao na mama waliokwenda Saudia, Qatar au Oman, na majirani hudhani kwamba kila mwenye mtu Uarabuni ana dola mfukoni. Wengine kweli hutumiwa fedha na kujengewa nyumba. Wengine hawana hata namba ya simu inayopokelewa. Katiba ileile inasema katika kifungu cha 53 kwamba malezi ni wajibu sawa wa mama na baba, wawe wameoana au hawakuoana, lakini haki hiyo hudaiwa mahakamani, na nyanya asiye na nauli ya kwenda Kwale mjini haifikii.

Hapa ndipo ninapoona kasoro kubwa kuliko zote. Afrika Kusini walianzisha ruzuku yao ya watoto mwaka 1998, na wakaifunga kwa yule anayemlea mtoto kila siku, awe mzazi au asiwe, na kwa kipato chake. Kufiwa hakukuwekwa kuwa sharti. Walianza na watoto wa chini ya miaka 7 kwa randi 100 kwa mwezi, kisha wakaupandisha umri hatua kwa hatua hadi kufikia miaka 18. Maana yake ni kwamba mtoto mwenye njaa ambaye wazazi wake wote wako hai ana mahali pa kuandikwa, na akihama kutoka kwa mama kwenda kwa bibi, ruzuku inaweza kumfuata. Sisi bado tunaanzia kwenye kaburi. Nchini mwetu lilifanywa jaribio moja lenye sura nyingine miaka michache iliyopita, katika sehemu za Kisumu, Embu na Kajiado, ambako kila mtoto wa chini ya miaka 3 alitengewa shilingi 800 kwa mwezi bila kuulizwa kama mzazi wake yuko hai au la. Jaribio lile ndilo lililokaribia zaidi kile ninachokiamini, kwamba njaa ya mtoto itazamwe kabla ya cheti cha kifo cha baba yake.

Tukiachana na kufiwa, kuna karatasi. Mlezi hawezi kupokea bila kitambulisho cha taifa, na kwa Kwale jambo hili limekuwa na historia yenye maumivu. Wamakonde, ambao wazee wao waliletwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi hapa kwa vizazi bila uraia wa nchi yoyote, mpaka walipofanya safari yao ya kudai haki kutoka Kwale hadi Nairobi mwezi Oktoba 2016, na baada yake wakaanza kupewa vitambulisho. Wapemba wa pwani yetu walisubiri hadi mwaka 2023. Miaka yote hiyo mama wa Kimakonde aliyefiwa na mume alikuwa na mayatima na alikuwa na umaskini, akitimiza kila lililoandikwa, ila hakuwa na namba ya kujaza kwenye fomu. Nimefundisha watoto wa nyumba hizo. Walikuwa wakija shule na viatu vya mguu mmoja mmoja, wakipokezana.

Vyeti navyo vina tabu yake. Mtu akifia hospitalini kuna karatasi inayoanzia hapo, lakini akifia nyumbani na kuzikwa siku hiyohiyo, kifo chake kinatakiwa kiandikishwe kwa naibu wa chifu, na katika siku za matanga hakuna anayekumbuka karatasi. Miaka inapita. Siku mwandikishaji anapokuja na kuuliza ushahidi kwamba baba wa watoto amefariki, kijiji kizima kinajua kaburi lilipo na hakuna anayeweza kuonyesha cheti. Ndivyo ilivyokuwa kwa jirani yangu. Alikuwa na kitambulisho chake, alikuwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wawili kati ya watatu, vyote ndani ya bahasha ya kaki aliyoifunga kwenye pembe ya leso yake. Cha mwanawe hakikuwepo.

Kwa walio na kila kitu, kustahili na kupokea bado ni mambo mawili. Orodha haiko wazi mwaka mzima, bali hufunguliwa pale serikali inapotenga nafasi mpya, na kila eneo hupewa idadi yake. Majina hukusanywa kwa msaada wa kamati ya watu wa hapohapo, nyumba hutembelewa na kuulizwa habari za paa, sakafu, mifugo na chakula, kisha orodha husomwa barazani ili wanakijiji waseme kama kuna aliyeachwa au aliyeingizwa bila haki. Pale ambapo wanaostahili ni wengi kuliko nafasi, hutangulizwa nyumba zinazoongozwa na watoto, walezi wazee sana, na zenye watoto wengi. Nimehudhuria usomaji wa namna hiyo. Watu mia na zaidi walikaa chini ya mwembe, na jina la mtu mwenye duka liliposomwa, mama mmoja alisimama na kusema kwa sauti ya kawaida, bila hasira, "Huyu hana shida, na mama fulani yuko pale nyuma hakusomwa." Jina lile liliondolewa. Hatua ile ya barazani naiona ndiyo bora kuliko zote katika mpango huu, na inasikitisha kwamba watu wengi hawaji kwa kudhani kwamba mambo yamekwisha kupangwa. Msemaji mmoja aliye na ujasiri anaweza kumwokoa yatima ambaye hajui hata kwamba jina lake linajadiliwa.

Kuhusu kiasi nitasema wazi. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba nzima, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa zikilipwa kila baada ya miezi miwili, na kiasi hicho hakijapandishwa kwa zaidi ya muongo mmoja, hali mwaka 2022 pakiti ya unga wa kilo 2 ilipita shilingi 200. Nyumba yenye yatima mmoja hupata 2,000 na nyumba yenye sita hupata 2,000. Kwa jirani yangu, akija kupokea, itakuwa shilingi 400 kwa kila mtoto kwa mwezi, yaani kama shilingi 13 kwa siku, kwa kuwa hatawatenga wale wawili wa Saudia kwenye sinia. Hata hivyo siwezi kuzidharau fedha hizi. Watafiti waliofuatilia nyumba za mpango huu kwa miaka kadhaa waliona vijana wengi zaidi wakiendelea na sekondari na kuchelewa kuanza mambo ya kimwili, na mimi mwenyewe darasani natambua wiki ambayo malipo yametoka, kwa sababu karo ndogondogo za mtihani huletwa na wale ambao kwa kawaida huja kuomba muda.

Yapo mambo mawili ambayo watu huyakosea na ambayo napenda kuyaweka sawa. La kwanza ni kwamba kitambulisho kinachoandikwa ni cha mlezi, lakini fedha ni za kuwatunza watoto. Mlezi akifariki au akihama, nyumba haipotezi haki yake, bali hutakiwa kupeleka taarifa mapema ili mlezi mwingine aandikwe mahali pake, na wanaochelewa ndio wanaokuta malipo yamesimama. La pili ni umri. Mtoto wa mwisho akifikisha miaka 18, nyumba hutoka katika mpango, hata kama kijana huyo yuko kidato cha tatu, jambo linalotokea sana huku kwetu kwa watoto walioanza shule wakiwa wamechelewa. Nimepata kumwona kijana akiomba umri wake usiulizwe shuleni, akidhani mimi ndiye ninayeupeleka serikalini. Nilimwambia kwamba siupeleki, na kwamba cheti chake cha kuzaliwa kinaujua tayari.

Juu ya wazee wenye miaka 70 na zaidi wanaolea wajukuu, shauri langu ni kwamba waulize kabla ya kujaza chochote, kwa kuwa sharti la kutopokea ruzuku mbili limewaondoa baadhi yao katika fedha za watoto bila wao kujua. Nyanya anayepokea za uzee hupika kwa fedha hizohizo kwa ajili ya wote, na sharti linamhesabu kana kwamba anaishi peke yake na dawa zake za presha. Sioni haki katika hilo, na nimelisema barazani mara mbili.

Mwezi uliopita nilimsindikiza jirani yangu kwa naibu wa chifu ili kifo cha mwanawe kiandikishwe, baada ya miaka minne. Tulikwenda na wazee wawili walioingia kaburini siku ya mazishi, kuwa mashahidi. Naibu wa chifu aliuliza tarehe, na nyanya hakuwa na tarehe; alikuwa na siku, Jumatano, na alikuwa na mvua za vuli, na kwamba mahindi yalikuwa yamefika magotini. Mzee mmoja akakumbuka kwamba ilikuwa siku mbili kabla ya maulidi ya msikiti wetu, na kutokana na hilo tarehe ikapatikana. Fomu ilijazwa polepole kwa wino wa buluu, nyanya akaweka kidole gumba, akakifuta kwenye leso yake, na akauliza kama sasa ameandikwa. Nilimweleza kwamba aliyeandikwa ni mwanawe, na kwamba cheti kikitoka, yeye atasubiri orodha ifunguliwe. "Haya, mwanangu," alisema, "na hao wawili wengine je, wao nitawapelekea karatasi gani?"